Tarakilishi 'imekufa'? Hebu eleza vyema

Mzazi akisikia kwamba mwanawe anadunduliza pesa ili aunde tarakilishi ya kuchezea michezo, aghalabu hushika tama. Kwake yeye mchezo ni mchezo tu, na pesa zinazotumiwa kwa mchezo ni pesa zilizotupwa. Rai hiyo ina mashiko, maana vifaa vyenyewe ni ghali mno. Lakini mzazi huyo hajalitazama sanduku likiwa wazi. Laiti angelitazama, angetambua kwamba kijana wake ameingia katika darasa la mantiki ambalo walimu wengi tungelionea wivu. La kusikitisha ni kwamba darasa hilo tumeliacha bila lugha.

Hebu tuanze na mashine yenyewe. Ndani ya sanduku mna viungo ambavyo kila kimoja kina kazi yake. Prosesa hukokotoa. Rami hushika yale yanayohitajika kwa wakati huo, nayo diski huhifadhi ya kudumu. Kadi ya michoro huzichora upya picha za skrini mara 60, 144 au zaidi katika kila sekunde. Kipoza huondoa joto. Pawasaplai huubadilisha umeme wa ukutani, ambao humu nchini ni wa volti 240, ukawa umeme mpole wa volti 12 na chini ya hapo. Mathabodi huviunganisha vyote hivyo vikazungumza.

Kiungo kinachomeza fedha kuliko vingine ni kadi ya michoro. Kadi ya Nvidia iitwayo RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, ilizinduliwa Marekani kwa bei ya dola 1,599, yaani takribani shilingi 200,000 za Kenya kabla ya usafirishaji na ushuru. Iliyoifuata, RTX 5090 ya Januari 2025, ilitangazwa kwa dola 1,999. Ya kwanza hutumia hadi wati 450, ya pili wati 575. Wati 450 ni sawa na balbu 45 za wati 10 zikiwaka kwa pamoja! Ndiyo maana mwenye kununua kadi kama hiyo akafunga uchumi kwenye pawasaplai huwa amejenga ghorofa juu ya mchanga.

Kuviunganisha viungo si kazi ya nguvu bali ya uangalifu. Kitako cha prosesa za kisasa za AMD, kwa mfano, kina vijipini 1,718, na mkono mzito ukikipinda kimoja tu, mathabodi nzima huweza kukataa kazi. Rami mbili zikitiwa katika mathabodi yenye nafasi nne, kwa kawaida hukaa katika nafasi ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa. Karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza ni sharti ibanduliwe, la sivyo joto halina pa kupitia. Waya wa skrini nao huchomekwa kwenye kadi ya michoro, wala si kwenye mathabodi. Si wachache walionunua kadi ya thamani kubwa kisha wakaulalamikia uzito wa mashine, kumbe kadi yenyewe haikupewa kazi hata siku moja.

<b>Neno moja, maradhi manne</b>

Kazi halisi huanza mashine inapogoma. Hapa ndipo mimi, ambaye uchumi wangu ni maneno, hutega sikio. Pita katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au mahali popote panapotengenezwa vifaa vya umeme, usikilize jinsi wateja wanavyoyaeleza matatizo yao. Utasikia neno moja likirudiwarudiwa: "Imekufa." Fundi stadi hatosheki na neno hilo. Huuliza: imekufa vipi?

Na ana haki ya kuuliza, kwani neno hilo moja hufunika maradhi yasiyopungua manne. Kuna mashine isiyowaka kabisa: feni hazizunguki wala taa haionekani. Hapo mtu huanzia kwenye soketi ya ukutani, swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, waya mkubwa unaoingia katika mathabodi, na nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia.

Kuna mashine inayowaka lakini skrini ikabaki nyeusi. Huenda rami haikukaa sawasawa, au waya wa skrini umepotea njia. Mathabodi nyingi za siku hizi zina vitaa vinne vidogo, vya prosesa, rami, kadi ya michoro na diski, na kitaa kinachobaki kuwaka huonyesha safari ilipokatikia. Tena huenda hapana ubaya wowote. Rami za kizazi cha tano hupimwa na mathabodi zinapowashwa kwa mara ya kwanza, na zile mathabodi mpya za AMD zilipoingia sokoni mwaka 2022, upimaji huo uliweza kuchukua dakika kadhaa. Mwenye pupa huifungua mashine nzima iliyokuwa karibu kuamka. Kwa kweli, haraka haraka haina baraka.

Kuna mashine inayowaka vyema, ikafanya kazi, kisha ikazima mchezo unapopamba moto. Aghalabu hapo pana mambo mawili, joto au umeme. Joto hutoa ishara kabla: prosesa hupunguza mwendo ili ijiokoe, na mchezaji huona picha zikisuasua. Pawasaplai iliyolemewa haiagi. Hukata ghafla kama aliyeshikwa na kifafa. Na kuna mashine ya nne, ambayo haizimi kamwe, ila mchezo hujifunga wenyewe au skrini ikaganda. Huko mshukiwa huwa rami, programu inayoiendesha kadi, au prosesa yenyewe.

Sasa tazama, msomaji, jinsi Kiswahili kilivyojiandaa kwa kazi hii kabla haijaja. Akisema "imezima," mteja ametaja tukio moja. Akisema "huzima," ametaja mazoea. "Inazimazima" ni ugonjwa wa vipindi, ambao ndio mgumu kuliko yote kuukamata. "Nikifungua mchezo huzima" hutaja sharti; "ilizima umeme uliporudi" hufungamanisha matukio mawili kwa wakati na kumwelekeza fundi kwenye pawasaplai. Kuna pia tofauti ambayo lugha nyingi huihitajia sentensi nzima: "imezimwa" ni kazi ya mtu, "imezimika" ni umeme uliokosekana, "imejizima" ni mashine iliyojikinga na joto. Kiambishi kimoja humwokolea fundi nusu saa.

Njia ya kumbaini mkosaji nayo si ngeni kwa wanaisimu. Sisi hujua kwamba sauti /p/ na /b/ ni tofauti katika Kiswahili kwa kulinganisha maneno kama "pata" na "bata", ambayo yanatofautiana kwa sauti moja tu. Fundi hufanya vivyo hivyo. Huondoa yote yasiyo ya lazima, huacha rami moja na diski moja, kisha hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kutazama kama dalili imebadilika. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo huenda akaiponya mashine, lakini hatajua alichokiponya, na ugonjwa ukirudi atakuwa mgeni kama siku ya kwanza.

<b>Mashine ikisema uongo</b>

Kuna watakaosema kwamba hoja hii ni ya anasa, kwani mashine yenyewe huandika kosa lake kwenye skrini. Naam, huandika. Lakini si kila lililoandikwa ni kweli, na ushahidi tunao.

Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile za daraja la juu kama Core i9-13900K na 14900K, walianza kuona michezo yao ikijifunga. Katika michezo kadhaa ujumbe uliojitokeza ulidai kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha. Yeyote angeamini. Lakini miongoni mwa waliouona ujumbe huo walikuwamo wenye kadi zenye kumbukumbu tele isiyoweza kujazwa na mchezo huo. Ujumbe ulimsingizia asiye na hatia. Mwenye makosa alikuwa prosesa, ambayo ilikosea hesabu, na hesabu iliyokosewa ikafasiriwa na programu kuwa ni upungufu wa kumbukumbu.

Mnamo Julai 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba umeme wa volti ya juu kupita kiasi. Agosti ya mwaka huo ilitoa marekebisho yanayowekwa kupitia programu ya msingi ya mathabodi, ikaongeza pia muda wa dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huikinga prosesa iliyo nzima. Iliyokwisha kudhurika hayaiponyi. Fikiria basi hasara ya kijana aliyeusoma ujumbe ule, akauamini neno kwa neno, akauza kadi yake kwa bei ya kutupa na kununua nyingine, kisha akakuta tatizo liko palepale. Hakukosa pesa wala bidii. Alikosa mazoea ya kutenganisha dalili na chanzo, na mazoea hayo hujengwa kwa lugha ambayo mtu huiwazia.

Mfano wa pili unatoka kwenye ile RTX 4090. Muda mfupi baada ya kadi hiyo kutoka, baadhi ya wenye nazo walikuta kiunganishi cha umeme kimeyeyuka. Novemba 2022 Nvidia ilisema kwamba jambo lililoonekana mara nyingi ni kiunganishi ambacho hakikuingizwa hadi mwisho. Kiunganishi kilibuniwa upya mwaka 2023, vijipini vyake vya kutambulisha vikafupishwa ili umeme usipite kabla hakijaingia barabara. Taarifa za kuyeyuka hazikukoma hata hivyo, kwani zilisikika tena mwaka 2025 kuhusu RTX 5090. Waama, Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye maana zote mbili za kisa hiki: kuchomeka ni kutia kitu mahali pake, na kuchomeka ni kuungua. Kisichochomekwa vyema huchomeka. Mwalimu gani angekosa kuifanya kanuni hiyo ikakumbukwa na darasa zima?

<b>Nomino bila vitenzi</b>

Hapa ndipo tunapopaswa kujiuliza maswali, sisi tunaojiita wataalamu wa lugha. Kwa miaka mingi tumebishana juu ya majina. Je, ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo haukuwa wa bure, na umetupa istilahi ambazo leo zimo katika vitabu vya shule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwenda mbali zaidi mwaka 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano.

Lakini kubuni majina ni nusu ya safari. Mashine haitengenezwi kwa nomino. Hutengenezwa kwa vitenzi: kulegea, kukaza, kuganda, kusuasua, kujizima, kuchomeka. Vitenzi hivyo havihitaji kubuniwa na kamati yoyote, kwani vimo midomoni mwa watu tayari. Kinachokosekana ni maandishi. Maelezo yanayokuja pamoja na vifaa huandikwa kwa Kiingereza, Kichina na lugha nyingine nyingi, na ni nadra sana yetu kuwamo. Mafundi wetu hujifunza kwa kutazama na kwa kuonyeshana, ujuzi wao ukaishia mikononi. Fundi akiondoka, ujuzi huondoka naye.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo haina maana iwapo lugha itabaki kuwa ya hotuba na mashairi, huku mtu mwenye kifaa cha shilingi 200,000 kilichogoma akishindwa kuyaandika kwa Kiswahili maelezo yatakayomsaidia aliye Eldoret au Mombasa kukitengeneza.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa. Kwanza, walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi insha za kueleza hitilafu: nini kilitokea, kilitokea lini, baada ya nini, na kilibadilika vipi baada ya hatua ipi. Insha kama hiyo humfunza mwanafunzi matumizi ya hu-, -ki- na -lipo- kuliko majedwali ya sarufi. Pili, wauzaji wa vifaa waambatanishe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza mambo machache ya lazima, kama vile waya wa skrini unakochomekwa na subira inayotakiwa siku ya kwanza. Tatu, sisi wa vyuo vikuu tushuke kutoka maktabani, tuketi na mafundi, tuandike msamiati wao jinsi wanavyoutumia, kabla ya kuwabunia mwingine wasiouhitaji.

Mzazi naye ana lake. Mwanawe akija na habari kwamba mashine imekufa, asimkemee wala asikimbilie mfuko. Amwambie aketi, achukue karatasi, aeleze kwa Kiswahili fasaha jinsi ilivyokufa. Huenda kabla hajaumaliza ukurasa akajua mwenyewe ni waya gani uliolegea.