Rada Nyuma ya Mdakaji

Juni 2023, mjini Omaha, timu za besiboli za vyuo vikuu vya LSU na Wake Forest zilimaliza vipindi tisa vya kawaida sufuri kwa sufuri. LSU ikashinda 2-0 katika kipindi cha 11. Paul Skenes wa LSU alitupa vipindi vinane, Rhett Lowder wa Wake Forest saba, na hakuna aliyeruhusu alama. Mwezi uliofuata, klabu za kulipwa zilipochagua vijana, Skenes alichukuliwa wa kwanza na Lowder wa saba.

Vipaji walikuwa navyo, hilo halina ubishi. Lakini vyuo vyote viwili vilikuwa vimewekeza katika kupima. Kocha wa watupaji wa LSU wakati huo, Wes Johnson, aliacha kazi hiyo hiyo katika Minnesota Twins, klabu ya ligi kuu, katikati ya msimu wa 2022 akaenda chuoni. Wake Forest nayo ina maabara ambamo mtupaji hurusha mpira huku kamera zikifuatilia viungo vyake na vipimo vya nguvu vikiwa chini ya nyayo zake.

Kwa asiyeujua mchezo: mtupaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye bamba la mpigaji, na mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mwenye gongo kwa takriban sekunde 0.4. Zamani kocha aliupima mtupo kwa matokeo yake tu, umepigwa au haukupigwa. Kipimo hicho hudanganya, kwani mpira mbovu huweza kuponea na mzuri ukapigwa kwa bahati. Rada imewawezesha makocha kuuhukumu mpira wenyewe kabla ya kuangalia yaliyoufuata.

Kanuni yake ni ile ile ya tochi ya trafiki: mawimbi hugonga kitu kinachokwenda, hurudi yakiwa na masafa tofauti, na tofauti hiyo hutoa kasi. TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanzia kwenye gofu, huifunga rada yake juu, nyuma ya mdakaji, ikapima pia mizunguko ya mpira kwa dakika na njia unayopita. Mazoezini hutumika vifaa vidogo vya kubebeka, kama Rapsodo.

Kasi huvuta macho ya watazamaji, ila kipimo chenye utamu zaidi ni cha kushuka. Mpira unaozunguka kinyumenyume husukumwa juu na hewa, kwa hiyo hauanguki kama ambavyo mvutano wa dunia peke yake ungetaka. Mpira wa kasi wa kawaida katika ligi kuu hubaki juu kwa kama sentimita 40 kuliko usiozunguka. Ulio bora hufika 50. Mpigaji, ambaye jicho lake limezoea ule wa kawaida, hupitisha gongo chini yake na kuapa kwamba umepaa. Haukupaa. Kwa hiyo kijana asiye na kasi ya kutisha anaweza kuwa na mpira mgumu kupigwa, na kocha mwenye namba hizo humwona mapema.

Mzunguko nao haukueleza kila kitu. Barton Smith, mhandisi wa chuo cha Utah State, alionyesha kwamba mishono ya mpira nayo huvuruga hewa na kuusogeza upande usiotarajiwa. Baada ya hapo watupaji walianza kubadili mkao wa vidole kwa kufuata mishono, wakirekodiwa na kamera za kasi.

Katika vyuo vingi wanaosoma takwimu hizi ni wanafunzi wenzao wa hisabati na kompyuta. Kazi yao ngumu ni kumwambia mchezaji jambo moja la kufanyia kazi; anayepewa namba kumi huondoka hana hata moja.

Kisha kuna hatari kwa kiwiko. Katika ligi kuu, wastani wa mpira wa kasi ulipanda kutoka takriban kilomita 147 kwa saa mwaka 2008 hadi karibu 152 mwaka 2024. Ripoti ya ligi hiyo ya Desemba 2024 ilitaja kusaka kasi na mizunguko, pamoja na kurusha kwa nguvu zote kila mara, miongoni mwa sababu za majeraha ya mikono, ikigusa pia wachezaji wa ngazi za chini. Kijana anayejua kwamba namba zake zinasomwa na klabu za kulipwa hatajizuia kwa hiari. Kwa maoni yangu, kocha anayeonyesha kasi kwenye skrini baada ya kila mtupo wa mazoezi anapaswa kuizima siku nyingine, na maabara zinazopima mzigo wa kiwiko zipewe sauti sawa na rada pale inapoamuliwa nani atupe katika mechi ijayo.