Ukoo wa Wafalme wa Uingereza Uliotoka Ujerumani

Huko Kianjokoma, katika nchi ya Embu, mzee akitaka kumjua kijana humwuliza jina la baba yake, kisha la babu yake. Tena kwa desturi mtoto mwanamume wa kwanza huitwa jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama yake, hata majina yenyewe yakawa kitabu cha ukoo. Mtu aliyezoea hesabu hiyo atastaajabu akifuata nasaba ya Malkia Elizabeth wa Pili. Tarehe 6 Februari 1952 malkia huyo alikuwa Sagana, upande wa magharibi wa mlima ule ule uonekanao kutoka Kianjokoma, alipoletewa habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki dunia na kwamba sasa kiti cha enzi ni chake. Ukoo wake asili yake ni Ujerumani.

Mwaka 1701 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kuwa Mkatoliki asitawale. Malkia Anne alipokufa tarehe 1 Agosti 1714 bila kuacha mtoto, watu zaidi ya hamsini waliokuwa karibu naye zaidi kwa damu wakarukwa kwa sababu ya dini yao, na ufalme ukamwangukia George, mtawala wa Hanover, ambaye mama yake alikuwa mjukuu wa Mfalme James wa Kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 54, na Kiingereza chake kilikuwa haba. Baada yake wakafuata wengine watatu walioitwa George vilevile. Wa kwanza alimpa mwanawe jina lake mwenyewe, jambo ambalo wazee wa Embu wasingelikubali.

Mwaka 1837 Victoria aliporithi kiti cha enzi, sheria ya Hanover haikuruhusu mwanamke kutawala maadamu yuko mwanamume katika ukoo. Basi Hanover ikaenda kwa baba yake mdogo, Ernest Augustus, na nchi mbili zilizokuwa na mfalme mmoja kwa miaka 123 zikaachana.

Victoria aliolewa mwaka 1840 na Albert wa Saxe-Coburg na Gotha, Mjerumani, mtoto wa mjomba wake. Walizaa watoto tisa. Mwana wao Edward wa Saba, aliyerithi mwaka 1901, alihesabiwa katika ukoo wa baba yake. Binti yao wa kwanza aliolewa katika ukoo wa Hohenzollern wa Prussia, na mwaka 1859 akamzaa Wilhelm, aliyekuwa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1888. Wako wasemao kwamba Victoria alimzawadia mjukuu huyo mlima Kilimanjaro. Si kweli: mapatano ya mpaka yalifanywa mwaka 1886, wakati babu yake Wilhelm alipokuwa bado Kaisari.

Mwaka 1914 vita vilipozuka, Mfalme George wa Tano na Kaisari Wilhelm walikuwa watoto wa kaka na dada. Vijana wa Embu na Meru walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani wa Tanganyika. Wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na jina la Kariokor huko Nairobi limetokana na kikosi chao. Mizigo ile ilikuwa ya mjukuu mmoja wa Victoria dhidi ya mjukuu mwingine.

Mwezi Juni 1917 ndege za Wajerumani ziitwazo Gotha ziliangusha mabomu London, zikaua watu 162. Jina lile lilikuwa ndani ya jina la ukoo wa mfalme mwenyewe! Tarehe 17 Julai 1917 George akatangaza kwamba tangu siku hiyo ukoo wake ni Windsor, jina la ngome yake.

Swali likarudi baada ya Sagana, kwa kuwa Philip, mume wa Elizabeth, alikuwa wa ukoo wa Glücksburg, ambao nao asili yake ni Ujerumani, na watoto hufuata baba. Tarehe 9 Aprili 1952 Malkia akatangaza kuwa yeye na watoto wake watabaki Windsor. Philip hakupendezwa, mwaka 1960 baadhi ya wazao wake wakaruhusiwa kuitwa Mountbatten-Windsor. Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, na mwanawe Charles wa Tatu akarithi kiti kwa jina la ukoo wa mama yake. Mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 2013, ameitwa George.