Ulinzi Unaogeuka Makabidhiano: Makuzi ya Yasmin katika Vuta N'kuvute na Usomaji Wake Mkoani Simiyu

Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Ni rahisi kuitazama kama hadithi ya mapenzi iliyofumwa ndani ya harakati za kudai uhuru Zanzibar katika miaka ya 1950. Makala haya yanaitazama kwanza kama hadithi ya makuzi ya binti aliyelindwa kupita kiasi, na yanafafanua kwa nini usomaji huo una uzito wa pekee Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu.

Yasmin wa riwayani ana umri wa miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye miaka 52. Kwa wazazi, ndoa hiyo si adhabu. Ni hifadhi: mume ana duka, ana jina, tena ni wa jamii yao ya Wahindi. Hapo ndipo ilipo hoja kuu ya kazi hii. Ulinzi wa mzazi haukomi siku ya harusi, bali hukabidhiwa kwa mtu mwingine pamoja na binti mwenyewe. Ndiyo maana Yasmin anapotoroka, jamaa yake wa mjini hamwoni kama mtoto anayehitaji kusitiriwa. Anamwona kama aibu iliyorudi mlangoni. Ulinzi uliokuwa mwingi mno hapo awali unatoweka mara moja, kwa kuwa haukuwa umeelekezwa kwake kama mtu. Ulilenga heshima ya ukoo.

Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwimbaji wa taarab, mwanamke ambaye jamaa za Yasmin wasingemruhusu hata kumsalimu. Katika filamu nafasi hiyo imeigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa taarab katika maisha yake halisi, na uteuzi huo unaipa nyumba ya Mwajuma uhai ambao maelezo matupu yasingeutosheleza. Kwa Mwajuma kuna usalama usio na kufuli: Yasmin hutoka na kurudi, huchagua marafiki, hukosea. Kupitia uhuru huo ndipo anapokutana na Denge na siasa za kupinga ukoloni. Kwa hiyo kukua kwake kisiasa hakutangulii kukua kwake kama binti. Mambo hayo mawili yanakwenda sambamba. Riwaya, kwa urefu wake, humfuata Yasmin mbali zaidi, hata katika ndoa nyingine. Filamu imebana kisa na kukiegemeza kwa Yasmin na Denge. Ubanaji huo unaongeza mvuto wa mapenzi, lakini unapunguza kiasi fulani safari ndefu ya mwanamke anayejifunza kuchagua.

Simiyu iko mbali na bahari na taarab. Ni mkoa wa pamba na mifugo, wenye Wasukuma wengi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa ya Shinyanga. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, kabla ya mgawanyo huo, uliiweka Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Panapokuwa na ng'ombe wa mahari, binti hulindwa kwa makini, na makini hayohayo huweza kuharakisha kuozwa kwake. Mantiki ya nyumbani kwa Yasmin haihitaji mkalimani hapa.

Sheria nayo inaingia katika usomaji huu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayohusu Tanzania Bara na si Zanzibar ya Yasmin, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Yaani umri uleule wa Yasmin. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Ridhaa ya mzazi, ambayo sheria iliihesabu kuwa kinga ya mtoto, katika kisa cha Yasmin ndiyo hasa inayomfikisha kwa Bwana Raza.

Riwaya hii imekuwamo katika orodha ya vitabu teule vya Kiswahili vya kidato cha tano na sita. Msichana wa Bariadi anayeisoma darasani, basi, kwa kawaida amekwisha kuupita umri wa Yasmin. Mwenzake aliyeozwa akiwa na miaka 15 hayumo darasani humo. Filamu, ambayo haimdai mtazamaji cheti cha kidato cha nne, ingeweza kumfikia. Lakini vibanda vya video, ambako filamu hutazamwa kwa bei nafuu katika miji midogo, aghalabu hujaa vijana wa kiume, na mke wa miaka 15 hana ruhusa ya kwenda huko jioni.