Vyuma vya kukaza bodi ya gari la spoti: Hela yako inaenda wapi?

Unakata kona, usukani umeshageuza, lakini gari linachelewa kidogo kukufuata. Ukipita kwenye lami yenye viraka, kioo cha ndani kinatetemeka. Wengi hukimbilia kununua shokapu mpya au springi fupi. Kumbe wakati mwingine kinachocheza ni bodi yenyewe.

Chukua boksi la viatu. Likiwa na mfuniko, kulipinda ni kazi. Toa mfuniko, na linajinyonga kirahisi mkononi. Gari lisilo na paa la chuma liko hivyohivyo. Mfano mzuri ni Mazda MX-5, kigari cha viti viwili kilichozinduliwa mwaka 1989 kwenye maonyesho ya Chicago, Marekani. Ni chepesi na kina mashabiki dunia nzima, ila paa lake la turubai halishikilii kitu.

Bodi ikijinyonga kuna ubaya gani? Springi ina shokapu ya kuituliza, bodi haina. Ikinyongwa na shimo, inarudi na kuchezacheza kama rula iliyopigwa kwenye ukingo wa meza. Huo ndio mtetemo unaousikia kwenye usukani na kiti. Kwenye kona, bodi inajinyonga kwanza, ndipo gari zima linatulia kwenye mwelekeo wako. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini mikono ya dereva inaijua.

Mazda wenyewe walilifanyia kazi. Walipoleta toleo la injini ya lita 1.8 mwaka 1993, waliongeza vyuma vya kukaza chini ya gari, mbele na nyuma, pamoja na kingine nyuma ya viti. Kwa hiyo wanaoongeza vyuma kwenye matoleo ya mwanzo wanafuata njia ambayo kiwanda kilishaipita.

Sasa, chuma maarufu kuliko vyote ni kile cha chini ya boneti, kinachounganisha sehemu mbili zinapofungwa shokapu za mbele kwa juu. Kinang'aa, ukifungua boneti watu wanasifia. Kama kinafanya kazi au la, inategemea gari.

Kwenye magari kama Subaru Impreza, zinazopendwa sana Nairobi, au Toyota GR86, shokapu ya mbele ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa juu. Shokapu ikisogea pale juu hata kidogo, pembe ya tairi inabadilika, hivyo chuma hicho kina maana. MX-5 ni tofauti. Gurudumu lake la mbele linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, yote imefungwa kwenye fremu ndogo iliyo chini ya injini. Shokapu inabeba mzigo tu. Kwa gari hilo, hela iende kwenye vyuma vya chini ya tumbo, hata kama hakuna atakayeviona.

Angalia pia umbo. Chuma kilichonyooka kina nguvu kuliko kilichokunjwa ili kukwepa injini. Na kukaza kupita kiasi si lazima kuwe bora: STI, tawi la spoti la Subaru, hutengeneza chuma chenye kiungo katikati, kinachozuia kusogea kwa pembeni lakini kinaachia kidogo juu na chini.

Jambo moja wauzaji hawalisemi sana: vyuma hivi haviongezi mshiko. Anayeshika lami ni tairi. Ukihisi gari limekuwa imara, ni rahisi kuingia kona kwa kasi kubwa zaidi wakati tairi ni zilezile zilizoisha. Na kama bushi zimekufa, jambo la kawaida kwa gari la miaka mingi lililoagizwa Japani, chuma hakitakusaidia. Anza na tairi, bushi, shokapu na alaimenti.

Usikubali fundi akuchomelee bomba. Bodi imetengenezwa ijikunje kwa mpangilio maalumu wakati wa ajali, na joto la kuchomelea linaharibu mabati yake. Tafuta vyuma vya kufunga kwa bolti, vilivyotengenezewa modeli yako. Vya chini ya tumbo pima kwanza: kama mtaa wako una matuta marefu, vitakuwa vya kwanza kugonga.

Kile cha chini ya boneti kifungwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake manne, mahali tambarare. Ukiweka jeki kona moja, bodi imeshajinyonga, na utakuwa unaikaza ikiwa imepinda. Kaza tena bolti baada ya siku chache za kuendesha, kisha pita barabara uliyoizoea, upepo wa matairi ukiwa uleule, uone kama kile kioo bado kinatetemeka.