Utamu Upitao Malaba

Sisi watu wa pwani tuna kiburi kimoja: twadhani utamu ulizaliwa kwetu. Nilipokuwa chuoni, mtoto akimaliza juzuu mwalimu alitugawia kashata za nazi, na siku ya kuhitimu ikaletwa halua. Nikakua nikiamini kwamba elimu na sukari ni ndugu.

Kiburi hicho kilivunjwa Busia. Sokoni, hatua chache kutoka mpakani, nilimwona mama mmoja akiuza madonge madogo yaliyong'aa. Nikamwuliza, "Mama, ufuta huu wauzaje?" Akacheka. "Baba, hii si ufuta. Hii ni simsim." Nilinyamaza kwa haya. Simsim ni Kiarabu safi, nami niliyesomeshwa Kiarabu tangu utotoni nasema ufuta, na neno la vitabu vyangu nimelikuta bara, mdomoni mwa mama asiyepata kukaa chuoni.

Jirani yake aliuza kabalagala, vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, na mwingine sukari guru, ile inayopikwa kwa maji ya miwa mpaka yakagandamana. Hilo "guru" nalo tumelipata kwa Wahindi. Halua ni ya Mwarabu, na peremende ni ya Mwingereza. Kumbe vitamu vyetu vyote ni wasafiri, na mpaka ndio nyumbani kwao.

Lakini msafiri mkubwa kuliko wote nilimkuta Malaba, katika ule mlolongo wa malori yaendayo Mombasa. Utingo mmoja, kijana wa Bundibugyo, alikuwa amekaa kivulini mwa gari. Nikamwuliza mzigo. "Kakao, mzee," akajibu. Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, ndiko kunakoongoza kwa kakao nchini Uganda, na babake ana shamba.

Alinieleza mambo ya kustaajabisha. Tunda la kakao huota kwenye shina lenyewe, mithili ya fenesi letu. Ndani mna nyama nyeupe tamu, ambayo watoto huinyonya. Mbegu zake ni chungu. Hufunikwa kwa majani ya migomba siku tano hata saba zichache, kisha huanikwa juani. Bila ya kuchacha huko, ladha ya chokoleti haipatikani.

Wenyeji wa Meksiko ya kale waliinywa kakao bila sukari, wakaitia pilipili, na mbegu zake zilikuwa fedha yao ya sokoni. Chokoleti ya kutafuna ilitengenezwa Uingereza mwaka 1847 na kampuni ya J. S. Fry, mjini Bristol. Ya maziwa akaitengeneza Daniel Peter huko Uswisi mwaka 1875. Leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia yatoka Ivory Coast na Ghana. Mavuno ya huko yalipoharibika kwa mvua na maradhi ya miti, bei ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kisha ikaporomoka tena.

Nikamwuliza yule kijana: "Na chokoleti je, waipenda?"

"Sijawahi kuila, mzee. Sisi twanyonya ile nyama, mbegu twauza."

Mkobani nilikuwa na kipande nilichomnunulia mjukuu wangu. Nikakitoa, lo! kimekuwa uji. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa mwanadamu. Ndiyo sababu chokoleti huyeyuka ulimini, na ndiyo sababu haivumilii jua letu. Peremende, ambayo sukari yake huchemshwa hadi nyuzi 150 hivi, ingalikuwa salama.

Kijana hakujali. Aliifungua karatasi, akairamba taratibu mpaka ikabaki nyeupe. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Kisha akaniuliza bei yake. Nilipomtajia, akaitazama ile karatasi, akalitazama lori, asiseme neno. Nami nikaona haya ya pili siku hiyo.

Kwani barabara ni ile ile moja. Kakao yateremka Mombasa ikiwa ndani ya magunia, na chokoleti yapanda ikiwa ndani ya karatasi za kumetameta. Viwanda vya kuisaga vingi viko ng'ambo, na faida hubaki huko huko. Pwani yetu ni mlango tu; twafungua na kufunga.

Nikiwa garini, nikirudi, nilitunga ubeti huu, nawe msomaji upokee:

Kakao yashuka pwani, guniani hufungiwa,
Huvukishwa baharini, na mbali ikasagiwa,
Hurudi karatasini, bei imezidishiwa,
Mkulima wa shambani, utamu hajajaliwa.

Mjukuu wangu nilimpelekea simsim. Aliimaliza yote, akauliza kama ipo nyingine.