"Umewahi kula pale?" Sifa ya mdomo na biashara zetu Tarime na Serengeti

Ijumaa moja tulijikuta Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, tukiwa wageni tusiomjua mtu. Baada ya Sala tulibaki kwenye baraza ya msikiti tukiulizia jambo ambalo msafiri Mwislamu hana budi kuliulizia katika wilaya ambazo Waislamu ni wachache: chakula kitapatikana wapi, na nyama yake imechinjwa na nani? Kijana mmoja alitunyooshea kidole kuelekea stendi, akatutajia hoteli moja na kuisifu kwa maneno mengi. Mzee aliyekuwa akivaa viatu karibu yetu akamgeukia.

"Mwanangu, umewahi kula pale?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hapana, babu. Nasikia tu wanaisifia."

Mzee hakumkaripia. Alitushika mkono akatupeleka kwa mama mmoja mwenye banda la mabati lisilo na kibao wala rangi, na njiani akatueleza kwamba kuku na mbuzi wa pale huwachinja yeye mwenyewe baada ya Sala ya Alfajiri. Tulikula tukashiba. Kilichotubakia moyoni, hata hivyo, ni lile swali lake, na ndilo lililotufanya tushike kalamu wiki hii.

Katika Tarime na Serengeti biashara nyingi hutangazwa kwa mdomo kabla ya kutangazwa kwa kitu kingine chochote. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, na aliyeko Isebania ana shangazi Sirari na mjomba Tarime mjini. Upande wa Serengeti wako pia Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, nao wameoana na kuchanganyika. Habari hupita kwenye misiba, kwenye harusi, mnadani na kati ya watu wa rika moja. Mfanyabiashara wa Sirari anayempimia mteja mahindi kwa debe lililobonyezwa kitako anaweza kudhani amemdhulumu mtu mmoja anayelipa kwa shilingi ya Kenya na kuondoka zake. Kumbe amedhulumu ukoo mzima, na siku ya mnada ukoo huo utakuwa umeshapata habari zake.

Jambo hili si la Mara peke yake. Mwaka 1943 wanasosholojia wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walitoa utafiti wao juu ya wakulima wa jimbo la Iowa waliokuwa wakiingia katika kilimo cha mahindi ya mbegu chotara. Waligundua kwamba wengi walipata habari za mbegu ile kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini kilichowatia moyo hasa wa kuipanda ni majirani. Mkulima yeyote wa Tarime angeweza kuwaambia hayo bila utafiti. Yeye naye husikia mengi kwa muuza pembejeo, kisha huenda kuchungulia shamba la jirani yake.

Na sisi Waislamu tunayo kumbukumbu ya zamani zaidi. Bibi Khadija (r.a.), mfanyabiashara mkubwa wa Makka, alimkabidhi Mtume wetu (s.a.w.) mali yake aipeleke Sham kabla ya utume, kwa sababu alikuwa amesikia habari za ukweli na uaminifu wake, watu walikuwa wakimwita al-Amin. Lakini Bibi Khadija hakuishia kusikia. Alimtuma pia Maysara, mtumishi wake, asafiri naye, na Maysara aliporudi alieleza aliyoyaona kwa macho yake. Tunaomba msomaji aizingatie hatua hiyo ya pili, maana wengi wetu hukomea kwenye ile ya kwanza.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipoletewa mtu wa kumdhamini mwenzake kwa maneno, alimuuliza mambo matatu: je, wewe ni jirani yake unayejua usiku wake na mchana wake? Je, umewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Je, umewahi kusafiri naye? Mtu yule alipokana yote, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Katika baadhi ya riwaya aliongeza kwamba labda alimwona tu msikitini akiinuka na kuinama. Tuseme kweli, neno hilo linatugusa. Ni mara ngapi tumempeleka dada yetu kwa fundi, au tumemwambia kijana wetu aweke akiba yake kwa fulani, kwa hoja kwamba fulani huyo anavaa kanzu na hakosi safu ya mbele?

Mwaka 2011 tuliona nguvu ya mdomo kwa kiwango ambacho hatukuwahi kukiona. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, jirani zetu wa mashariki, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, kikiaminiwa kuponya kisukari, saratani na hata UKIMWI. Hakulipia tangazo lolote. Magazeti na televisheni viliikuza habari, lakini ndugu ndiye aliyemwambia ndugu, na magari kutoka mikoa mingi na nchi jirani yakajipanga foleni ya kilometa nyingi. Waliofaidika sana walikuwa wenye magari, kwani nauli zilipanda ajabu. Wapo wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali. Mzee huyo alifariki dunia Julai 2021, na hatuandiki haya kumsema marehemu. Tunawasema waliosambaza. Wengi wao walieneza kuwa fulani amepona ilhali fulani mwenyewe hawajapata kumwona, achilia mbali kuona cheti chake cha hospitali. Surat al-Hujurat imeamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na hapa waliodhurika walikuwa wazazi wetu.

Wako pia wanaosifia kwa malipo. Mpiga debe wa stendi ya Tarime hamdanganyi mtu, kwa kuwa kila abiria anajua kazi yake na anajua analipwa kwa kichwa. Mwenye hatari ni jirani anayepewa chake kwa siri ili aje barazani kwetu kutusifia bidhaa kama mtu aliyeridhika nayo. Mtume (s.a.w.) alikataza najshi, yaani mtu kuipandisha bei bidhaa asiyokusudia kuinunua ili kumvuta mwingine, na sisi hatuoni tofauti kubwa kati ya huyo na jirani huyu.

Nyamongo ndiko hali ilivyo ngumu zaidi. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, wageni wamekuja na kuondoka, na mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote ni wapita njia, maswali ya Sayyidna Umar hukosa wa kuyajibu. Huko ndiko tungeshauri familia zipime wenyewe, zihesabu wenyewe na zidai risiti.

Msomaji atauliza: na aibu ya mfanyabiashara je, tuiseme au tuifiche kwa kuogopa ghiba? Wanazuoni, akiwemo Imamu an-Nawawi, wameruhusu kumweleza anayetaka ushauri kile anachohitaji kujihadhari nacho. Akikuuliza habari za bucha, mwambie habari za mizani. Habari za ndoa ya mwenye bucha hazimo.

Kwa muuzaji Mwislamu wa wilaya hizi kuna mzigo wa ziada, ambao tunausema kwa uchungu. Kwa kuwa Waislamu ni wachache, akipunja kilo moja watu hawasemi Juma amepunja, wanasema "hao ndivyo walivyo". Hiyo si haki, lakini ndivyo mdomo unavyofanya kazi. Anayerudishiwa unga wenye fukusi akaubadilisha bila ubishi, naye husemwa hivyo hivyo, mpaka ng'ambo ya mto Mara.

Siku ya pili tulipanda basi kwenda Tarime. Mama aliyeketi karibu nasi, akiwa na watoto wawili, alituuliza kama tunajua pa kula Mugumu, kwani atarudi huko wiki ijayo. Tulimwelekeza lile banda la mabati. Tukamwambia kuku ni wa kuaminika na mchinjaji tunamjua kwa uso. Akauliza kama samaki wao ni wazuri. Tulimjibu kwamba samaki hatukula.