Dai, Ushahidi na Kibali: Somo la Uandishi Chuo Kikuu

Kila aliyefanya mtihani wa KCSE nchini Kenya anaikumbuka karatasi ya 102/1, yaani Insha. Swali ambalo watahiniwa wamelizoea sana ni lile linalowataka watunge kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali. Akipewa "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", mtahiniwa anamtafuta kijana mkaidi, anamtumbukiza kwenye dawa za kulevya, anamfikisha gerezani, na methali imethibitika. Kwa kweli hakuna kilichothibitika. Kijana mwenyewe ni wa kubuni, na aliyemvunja guu ni mwandishi. Lakini lugha ikiwa tamu na tahajia safi, alama zinapatikana, na ni halali yake, kwa kuwa mtihani ule unapima usimulizi.

Tatizo huanza mwaka wa kwanza chuoni. Mwanafunzi yule yule anaulizwa kama viboko hujenga nidhamu shuleni, naye anajibu kwa njia anayoijua: methali ya mchelea mwana kulia, kisa cha mtoto wa jirani, kisha hitimisho. Kazi inarudi imeandikwa pembeni, "Ushahidi uko wapi?" Wengi hudhani wamekosolewa lugha, wakakimbilia kamusi. Walichokosolewa ni hoja.

Taaluma inayoshughulikia hoja na namna ya kumridhisha msikilizaji ni kongwe. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo Aristotle aliiandikia kitabu, na humo akazungumzia hata misemo ya hekima: akaona inamfaa mtu mzima, tena katika mambo aliyoyaishi. (Mtahiniwa wa miaka 17 angepata taabu mbele yake.) Waislamu nao waliijenga balagha kuwa elimu yenye matawi matatu, maani, bayani na badii. Abdul-Qahir al-Jurjani, katika karne ya 11, alishikilia kwamba ubora wa kauli hauko katika neno moja moja bali katika mpangilio unaofuata maana iliyokusudiwa, na waliomfuata wakaieleza balagha kuwa ni kauli fasaha inayolingana na hali ya anayeambiwa. Katika shule zetu za kawaida, balagha imebaki kuwa "swali la balagha" ndani ya orodha ya tamathali za semi, kana kwamba ni urembo tu. Hiyo ni hasara.

Marekani iliingia katika mtego wa aina nyingine. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kiti cha uprofesa wa balagha na uhutubi, na wa kwanza kukikalia, mwaka 1806, alikuwa John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi. Mwaka 1874 chuo kilianza kuwapima waombaji kwa insha fupi. Wakubwa hawakupendezwa na walichokisoma, na mwaka 1885 kikaanzisha kozi ya lazima ya uandishi wa Kiingereza. Vyuo vingine vikaiga. Walimu wachache wakalemewa na marundo ya insha, na kwa aliyelemewa, kilicho rahisi kusahihisha ni nukta, mkato na upatanisho wa kisarufi. Kwa miongo mingi kozi hiyo ikawa msako wa makosa.

Aliyewashtua walimu hao ni Mina Shaughnessy. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kiliwafungulia milango wahitimu wote wa sekondari za jiji, wakiwamo maskini na wahamiaji ambao hawakuwahi kuandika chochote kirefu. Shaughnessy alizichambua insha zao za majaribio zipatazo 4,000, na katika kitabu chake cha 1977 akaonyesha kwamba makosa yao yana mantiki: mwandishi mgeni anafuata kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia. Mwalimu akiigundua kanuni hiyo, anajua pa kuanzia. Kwa anayefundisha vijana wanaofikiri kwa lugha moja na kutahiniwa kwa nyingine, sijui kitabu chenye manufaa kuliko hicho.

Tukirudi kwenye hoja, chombo kinachotumiwa sana kuichambua kilitoka kwa mwanafalsafa Mwingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958. Alikuwa akibishana na wanamantiki wenzake. Walioking'ang'ania kitabu chake ni walimu wa uandishi wa Marekani. Chukua mjadala usiokwisha wa Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mtu anasema sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Hilo ni dai. Anatoa sababu: wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hawamfuati mwalimu anapofundisha kwa Kiingereza. Huo ni ushahidi, na mtu anaweza kwenda darasani akaupima. Lakini kati ya ushahidi na dai kuna pengo, na kinacholiziba hakikutamkwa: kwamba mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa zaidi. Hicho tukiite kibali.

Mpinzani wake anaweza kuukubali ushahidi wote na bado akalikataa dai, kwa sababu ana kibali kingine: kazi ya shule ni kumpa mtoto lugha asiyoweza kuipata nyumbani. Ndiyo maana watu hawa hurushiana takwimu za matokeo miaka nenda miaka rudi na hakuna anayehama. Takwimu haziligusi wanalogombania. Mwandishi aliyefunzwa hukitoa kibali hadharani na kukihoji: je, mtoto huipata lugha ya kigeni kwa kufundishiwa fizikia, au kwa kufundishwa lugha yenyewe na mwalimu anayeimudu? Hapo mjadala umesogea.

Methali, kwa hesabu hii, ni kibali ambacho jamii imekwisha kukipitisha. Barazani inatosha, kwa kuwa wasikilizaji wamelelewa nayo. Katika tasnifu haitoshi, maana "Haraka haraka haina baraka" ina mpinzani wake, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", na mwandishi lazima aseme kwa nini amechagua hii akaiacha ile.

Hayo hayafundishiki katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi, kwa slaidi na mtihani wa kuchagua jibu sahihi, kama stadi za mawasiliano zinavyofundishwa mara nyingi katika vyuo vyetu. Yanahitaji rasimu isomwe, irudi na maswali, iandikwe upya. Wakuu wa idara, ikiwa hamna walimu wa kutosha, punguzeni idadi ya insha kwa muhula: moja tu, iandikwe mara tatu, na alama zitolewe kwa kile kilichobadilika kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho.